Mugeni aliyemaliza mchezo wangu

Leo mutu nisiyemjua amemaliza mchezo ulionishinda tangu nikiwa shule.


Munajua ile kompyuta ninayochapia barua za watu hapa Rumonge. Binamu yangu wa Bujumbura aliniletea CD ya michezo yetu ya zamani, ile ya kuchezea kwenye televisheni. Wameitoa upya, iko na programu inayoigiza ile mashine yenyewe.

Mchana wateja hawakuwepo, nikawa nacheza.

Akaingia kijana amevaa koti zito.
Joto lote hili, na koti.

"Hapo utakufa," akaniambia. "Ruka kwanza."

Nikamuachia kiti. Alipita kila mahali bila kusita, akaliua lile jitu la mwisho. Nikampigia makofi.

"Kaka, mulikuwa na mashine hii nyumbani?"

"Hapana. Iko huko juu. Tunatumia betri ya gari."

Huko juu ni milimani. Munajua ni nani wako milimani: waasi.

Kicheko kikaniishia mdomoni, naye akaona. Akasimama, akafunga koti lake vizuri.

"Dada, una watoto?"

"Wawili."

"Kesho usifungue hapa. Mulale mbali."

Akanishukuru kwa Kirundi, murakoze, akatoka, akashika barabara ya Kigwena.

Naandika nikiwa nimesimama. Watoto wako mlangoni na mabegi yao.

Nyinyi mulioko Kigwena, mumemuona? Huko kukoje?
Nijibuni hata neno moja. Nangoja kidogo tu, halafu nazima kompyuta.