Ukurasa wa Saba

"Mama, page ya saba ulifungia muntu kalanga! Iyo deni yako kwangu!" Hivyo ndivyo yule profesa wa chuo kikuu cha Kasapa alivyonisalimia leo, hata bonjour hakuna. Daftari ni la marehemu baba yangu, aliyeandika habari za mtaa wetu hapa Ruashi, na mimi nilikuwa nikilichana kurasa kufungia karanga ninazouza; karatasi ni karatasi. Siku hizi profesa anakuja kila asubuhi, anakalia bidoni yangu, dumu la mafuta, anapangusa chumvi ya karanga kurasani kwa kitambaa cha miwani, kisha ananakili, ncha ya ulimi ikichungulia nje. Baba aliandika eti mvua kubwa ilinyesha mwezi wa saba. Mwezi wa saba, katikati ya kiangazi huku kwetu! Nikamwambia asahihishe. "Apana, mama. Baba yako aliandika hivi, na miye naandika hivi. Mashaka yangu nitaweka chini ya page." Akayaweka chini kweli, kwa herufi ndogo, kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Nikaacha kukaanga. "Basi andika," nikamwambia. Ukurasa wa saba baba alitusomea kila Noeli: siku aliyomleta mama nyumbani, na kitanda kimoja na kuku wawili. Nikausema wote kwa kichwa, naye akaandika neno kwa neno. Chini akaandika: umetoka kinywani mwa binti yake.

"Na deni yangu?"

"Iliisha, mama. Leta kalanga."

Nikammiminia kiganjani, bila karatasi.