Chemba Mbele ya Duka la Dawa

Nauza dawa kwenye duka dogo Mchafukoge, jirani na Kariakoo, na mbele ya mlango wangu kuna chemba ya maji taka. Asubuhi moja nilimkuta binti mmoja amevaa gambuti na glovu, amefunua mfuniko, anateremsha chupa kwa kamba.

"Shikamoo mama. Nisamehe kwa harufu, namaliza sasa hivi."

"Marahaba. Unatafuta nini humo?"

Alisema anatoka maabara. Wanapima maji taka ya mtaa ili wajue kama yana bakteria sugu, wale ambao dawa haziwaui tena.

Akawa anakuja kila Jumanne. Wamachinga walimtania, wengine wakasema ni mambo ya uchawi. Alimjibu kila mmoja taratibu, kana kwamba hajawahi kuulizwa. Jirani yangu muuza vitenge alipolalamika kwamba harufu inafukuza wateja, hakubishana naye. Akaanza kuja kabla maduka hayajafunguliwa. Masika chemba ikafurika, barabara haipitiki. Nilijua hatakuja. Alikuja, maji yakimfika magotini, boksi lake la barafu kichwani.

Siku hiyo aliponawa nilimkaribisha chai, nikamuuliza wamepata nini. Akanionyesha picha kwenye simu: kisahani kilichoota bakteria, juu yake vikaratasi vidogo, kila kimoja kimelowekwa dawa tofauti. Vingi vilizungukwa na duara tupu, bakteria wamekufa. Kwenye kimoja bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwake. Akaitaja dawa ya kikaratasi hicho. Ndiyo niliyokuwa nauza kuliko zote, mara nyingi vidonge viwili tu badala ya dozi kamili, bila cheti cha daktari, na hivyo ndivyo bakteria wanavyoizoea dawa.

"Wametoka choo cha nani?" niliuliza kwa woga.

"Hatujui mama, wala hatumtafuti mtu. Ni mtaa mzima."

Kabati langu lilikuwa wazi mbele yake, na hakunigusia neno. Angenigombeza, ningejitetea. Nilibaki na aibu yangu.

Kesho yake mbeba mizigo mmoja wa Kariakoo akaja. "Mama, nipe vile viwili vya siku zote, mafua yamenibana."

Nikamwambia dawa hiyo ni ya bakteria, mafua hayaponi kwayo, na homa ikizidi aende zahanati. Akanuna, akaingia duka la pili. Wateja wengine walimfuata; baadhi wamerudi.

Nimekaa kwenye dawa muda mrefu kuliko umri wa yule binti, na sijaona mtu anayeifanya kazi chafu kwa heshima namna ile. Wiki iliyopita aliniletea maelezo ya maabara yao kuhusu bakteria hao, kwa maandishi. Nimeyabandika kaunta, pale wateja wanapoegemea viwiko.