Muuguzi wa Chumba cha Miguu

Muuguzi wa chumba cha miguu katika hospitali yetu hapa Madurai huusalimia mguu kwanza, mwenye mguu baadaye. Huugusa kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa ya mtoto, kisha huijaza jeli yenye dawa ndani ya kidonda, taratibu, bila kuvuta pumzi. "Dawa inatoka humo polepole," hutuambia sisi wagonjwa wa sukari kwa sauti yake ya kukwaruza. "Ukibandua bendeji uchungulie, umeiharibu." Nasi hubandua. Mimi nilibandua nikapaka manjano ya jikoni. Aliyaosha yote huku akiniita "mpishi" mbele ya foleni nzima.

Jana Bibi Valliammai alikuja kidonda chake kimeanza kufunga, akasema lazima aende hekalu la jirani mchana uleule, akalizunguke pekupeku. Ndiyo nadhiri aliyoweka.

"Mawe ya ua wa hekalu saa hizi ni kikaango, bibi. Na nyayo zako zimekufa ganzi kwa sukari, hazisikii moto."

"Sasa nimdanganye Mungu?"

Muuguzi alimfunga bendeji, akamshika mkono hadi hekaluni, nami nikawafuata. Akamketisha kivulini, mahali pa kuachia viatu, akavua ndala zake, akazunguka badala yake juani, akirukaruka na kuuma midomo, watu wakimcheka. Alirudi nyayo nyekundu.

"Zinauma, mwanangu?"

"Zinauma sana, bibi. Ndiyo maana nimezunguka mimi."