Meno ya Chini

Mtaani walimwita Bi Kipimo, wala hakukasirika. Alifuga sungura wa maonyesho, weupe wenye masikio meusi, na siku ya kuchagua watoto wao hakuwa na ndugu. Sikio limelala, kisu. Ukucha umekosekana, kisu. Mtu akimwambia, "Lakini mzuri huyu," alijibu, "Basi mwoe wewe."

Siku ile watoto walikuwa uani, juu ya meza iliyotandikwa gunia wasiteleze. Walitoka kwa majike wawili, baba yao mmoja: dume lake kubwa, aliyemletea sifa zote. Mumewe alishika, yeye akapapasa. Mgongo, nyonga, manyoya. Pembeni alisimama jirani yao, fundi cherehani, na kapu tupu. Alikuja kuchukua jike aliyeahidiwa, aanze kufuga upya.

Mwaka uliopita mabanda ya fundi yalijaa. Aliazima dume huyo huyo, watoto wakatoka na meno ya chini yametangulia ya juu. Meno ya hivyo hayasagani. Yanarefuka tu, mpaka sungura anakufa njaa na majani yako mbele yake. Bi Kipimo alikwenda, akaangalia, akasema mbele za watu, "Majike yako takataka. Chinja wote, mama na watoto, usituharibie mbegu." Fundi alichinja huku analia. Bi Kipimo akamuuliza, "Vipi, umefiwa?" Watu wakacheka.

Sasa Bi Kipimo akainua dume mdogo, yule mzuri kuliko wote. Akamtenganisha midomo kwa dole gumba. Akaifunga upesi. Akachukua mwingine, wa jike wa pili. Akaangalia, akafunga.

"Wako sawa," alisema. "Dume huyu namweka. Jirani, chukua jike yule."

"Nionyeshe meno."

"Nimeshaangalia."

"Kwa macho yako. Yangu je?"

"Mimi nafuga tangu wewe hujui kutunga uzi kwenye sindano."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, mama, siulizi kuku."

Bi Kipimo akamtazama mumewe. Mumewe akatazama gunia. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika, na alikuwa ameona.

Fundi akaweka kapu chini, akawafungua midomo mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Hakupaza sauti.

"Meno yale yale. Mama zao mbali mbali. Baba mmoja. Kwa hiyo majike yangu hawakuwa na kosa."

"Huyu mdogo yametangulia kidogo tu," Bi Kipimo alisema. "Nitayakata kwa koleo. Mwamuzi hataona."

"Mkuki kwa nguruwe, siyo? Chinja."

"Watoto sawa, nitawachinja. Niachie dume langu, mwanangu. Ameshazeeka, simpandishi tena."

"Leo mimi mwanao? Chinja, mama. Au niwaite wote waliopandisha kwake, waje na hasira zao."

Alichinja. Mumewe alishika miguu. Fundi alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akisafisha kucha zake kwa sindano. Dume kubwa aliletwa mwisho. Alizoea kubebwa kwenda kusifiwa, kwa hiyo alitulia mikononi, masikio yamelala mgongoni, mpaka kisu kilipofika. Hapo Bi Kipimo alilia kwa sauti.

"Lia vizuri," fundi alisema. "Ila ngozi usichane. Kuna mteja anataka kofia."

Bi Kipimo akachuna, akampa moja moja. Ya dume kubwa aliikunja, akaibana kwapani. Fundi akanyoosha mkono, akaingoja. Akapewa. Akaifungua kwenye mwanga, akavuta manyoya kwa vidole viwili.

"Hii inanyonyoka. Imezeeka kweli." Akaitupa chini, akabeba kapu, akaenda zake.

Mumewe akainama kuiokota.

"Iache," Bi Kipimo alisema.

Ilikaa pale uani mpaka nzi wakaijua.