Mwili Usiooshwa

Mwaka ule wa kipindupindu, chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya mgomo, nami nikawa nyumbani Kaloleni, mtaa wa Voi, nikibishana na kila mtu. Chumba chetu cha nyuma mama aliwawekea wanawake waliokimbia vipigo. Hapakuwa na kibao mlangoni, walijua tu. Aliwakanda kwa maji ya chumvi, kisha akawasindikiza kwao mlimani, ambako mume alipaswa kumfuata mkewe na kujieleza mbele ya wakwe.

"Na akishajieleza?" nilimuuliza.

"Anaona aibu."

"Aibu haizuii ngumi, mama."

"Wewe soma vitabu vyako. Mimi nimeona."

Wakati huo tulikuwa na binti mmoja wa Mghange, huko mlimani. Jicho lilikuwa limevimba hadi kufumba, lakini utani haukumwisha. "Profesa," aliniambia nikisonga ugali, "hebu hoji na haya mabonge."

Ndipo bwana afya akaja na naibu wa chifu. Barabara ya mlimani imefungwa, wakasema. Mikutano hairuhusiwi. Na nyumba yenye choo kimoja isilaze mtu asiye wa familia.

"Huyu ni binti yangu," mama alisema.

Naibu akacheka. "Mama, kwani umezaa Voi nzima?"

Mume wa binti alifika alasiri, shati limepigwa pasi. Kwa wakwe hakuweza kwenda, na wazee hawakuweza kuketi. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza lolote. Binti akajifunga kanga yake ili arudi naye.

"Njia ikifunguliwa nitakuja, mama, unipeleke nyumbani."

"Njoo hata ikiwa haijafunguliwa."

Hakuja. Juma lililofuata tukaambiwa amekufa, kipindupindu.

Kanisani kwetu mama ndiye aliyeosha maiti za wanawake. Alichukua sabuni mpya na shuka, tukaenda kwa yule mume. Tulikuta wanaume waliovaa gambuti wamekwisha kumfunga kwenye nailoni. Mume alikuwa amesimama kando ya ua, analia.

"Wa kipindupindu haoshwi, mama," bwana afya alisema, kwa upole. Alikuwa sahihi. Siku nyingine ningemtetea mimi mwenyewe.

"Basi nifungulieni shingo tu."

Hawakumfungulia. Kaburi lilikuwa tayari.

Njiani sikuweza kunyamaza. "Unadhani ni yule mume?"

"Mimi sidhani," mama alisema. "Mimi huosha."

Nimehoji mengi tangu hapo: dini, serikali, walimu wangu. Hili silijui hata leo. Huenda ulikuwa ugonjwa kweli. Watu walikuwa wakifa. Huenda yule mwanamume alilia kama mfiwa yeyote.

Sabuni ile mama hakuitumia. Ilikaa juu ya kabati ndani ya karatasi yake hadi barabara ilipofunguliwa, na wazazi wa binti wakateremka kutoka Mghange. Waliketi sebuleni, vumbi miguuni. Baba yake akauliza alikufaje.

Mama akaenda jikoni kuteleka chai. Mzee akanigeukia mimi, msomi.