Mbwa Waliopelekwa Shambani

Kwa miaka kadhaa nguo zangu za Jumamosi zilinuka mbwa. Nilikuwa naamka kwangu Noonkopir, Kitengela, natia gambuti zangu za mpira kwenye kikapu, na kabla jua halijawa kali niko Kisaju, nimeshika mwiko mrefu kama mpini wa jembe, nakoroga ugali wa mbwa kwenye sufuria kubwa ya harusi. Moshi wa kuni unanitoa machozi, na nyuma ya wavu wale wanyama wanalia kama watoto waliosikia sahani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Watu wa kwetu Machakos waliposikia ninachofanya wikendi walidhani nimekosa kazi. Mama yangu aliniuliza kama kuna watu wanaolala njaa Kitengela. Nikamwambia wapo. Akauliza, sasa mbona mbwa?  Nilikuwa mjane bila mtoto, na mbwa walifurahi kuniona. Labda ni hivyo tu.

Makao yenyewe ya mbwa waliotupwa yalikuwa ploti ya kukodi, yenye vibanda vya mabati na tangi la maji. Chama chetu ndicho kilichoyabeba. Hakuna aliyelipwa. Kulikuwa na mama wa saluni aliyekusanya mablanketi kwa wateja wake. Kulikuwa na kijana wa benki aliyeshughulikia ukurasa wetu wa mtandao na kupiga picha. Kulikuwa na mzee mmoja, dereva mstaafu, mwenye pikapu iliyotuletea mifupa na matumbo kutoka kichinjioni. Na juu yetu sote alikuwa mwenyekiti, mama wa kutoka Magharibi, nesi, ambaye tulimwita sister hata mahali pasipo na mgonjwa.

Sister ndiye aliyeanzisha kila kitu. Alianza na mbwa mmoja aliyegongwa na lori kwenye barabara ya Namanga, akamfunga mguu kwa bandeji za hospitali. Nilipomjua, alikuwa akitoka zamu anakuja moja kwa moja kuosha vidonda na kusafisha vibanda, na macho yake yalikuwa mekundu daima. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukichelewa anakuangalia tu, halafu anakupa ufagio. Nilimheshimu kuliko mchungaji wangu.

Shida yetu kubwa haikuwa mbwa, ilikuwa watu. Wakishajua mahali fulani kuna makao, basi wanaona wamepata ruhusa. Familia inahamia nyumba ambayo mwenye nyumba hataki mbwa, inamfunga mbwa wake kwenye lango letu asubuhi na kuondoka. Wengine hata hawafungi. Wanasimamisha gari, wanamsukuma nje, wanaongeza mwendo. Wale ambao hatukuwahi kuwaingiza walibaki kuzurura Kisaju, wakalala kwenye majengo ambayo hayajaisha, wakawa kundi.

Kisha kundi hilo likaanza kuua kondoo.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mmaasai wa makamo, mtu mtaratibu sana. Kila akinipita alisema, "Takwenya, mwalimu," nami najibu, "Iko," kama alivyonifundisha. Siku alipokuja na kondoo aliyeraruliwa, hakunisalimia. Alimweka chini mbele ya lango akasema, "Hii ni ya tatu. Mimi sitaki kupigana na akina mama. Lakini hizi mbwa zenu zitaondoka."

Sister alimweleza kwamba mbwa wetu hawatoki, wako ndani ya wavu. Jirani alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sijui mbwa ya ndani na mbwa ya nje," alisema. "Mimi naona mbwa."

Baadaye kulikuwa na kikao na chifu. Sister alienda peke yake kwa sababu ilikuwa katikati ya wiki na sisi wengine tulikuwa kazini. Aliporudi alituandikia kwenye simu kwamba mambo yako sawa, tusiwe na wasiwasi.

Jumamosi iliyofuata nilikuta vibanda vya nyuma vitupu. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vya mbwa wakubwa na wazee, wale ambao hakuna mtu angewachukua. Mmoja wao alikuwa jike mzee wa rangi ya mchanga, miguu mitatu, na tabia ya kukuegemea kwa uzito wake wote ukiwa umesimama, mpaka utafute pa kujishikilia. Huyo nilikuwa nimempenda. Ningemchukua kama ningekuwa na nyumba yangu.

"Wamepata shamba," sister alisema, akimimina unga kwenye maji yaliyochemka. "Kule mbele ya Kajiado, kwa rafiki ya kaka yangu. Ni shamba kubwa. Watachunga ng'ombe."

Tulipiga makofi. Mama wa saluni alilia kwa furaha. Kijana wa benki akaweka picha zao za zamani kwenye ukurasa wetu, na maneno kwamba wamepata nyumba ya maisha, na watu wasiotujua wakatupongeza kutoka kila mahali. Niliwaza kidogo, nani anamtaka mbwa wa miguu mitatu kuchunga ng'ombe? Lakini lilikuwa wazo la kupita, na sufuria ilikuwa inangoja.

Shule zilipofungwa, mzee wa pikapu aliniambia ana mzigo wa nguzo za ua wa kupeleka Kajiado. Nikamwomba nimsindikize. Nilinunua mfuko wa mifupa, ile yenye nyama kidogo, nikauweka miguuni mwangu. Nilitaka kumwona yule jike akiwa shambani. Nilimweleza mzee hivyo tukiwa tunapita Isinya. Akasema, "Mm," na hakusema lingine. Alikuwa mtu wa hadithi nyingi, kwa hiyo kimya chake nilidhani ni mgongo unamuuma.

Tulishusha nguzo. Tulikunywa chai na chapati kwenye hoteli karibu na soko. Tuliporudi kwenye gari nikamwambia, sasa twende shambani. Aliingiza ufunguo lakini hakuwasha.

"Mwalimu," alisema, "hakuna shamba."

Nilidhani anasema limeuzwa.

"Hakujawahi kuwa na shamba. Daktari wa mifugo alikuja ile Ijumaa. Aliwadunga wote. Mimi niliitwa kuchimba."

"Kuchimba wapi?"

Aliangalia usukani. "Nyuma ya tangi. Pale mnapoanika mablanketi."

Nilikuwa nimeanika mablanketi hapo Jumamosi zote zile. Nilikumbuka udongo ulivyokuwa laini, nikidhani ni maji ya tangi yanavuja. Hata nilikuwa nimelalamika kwamba gambuti zangu zinazama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikatazwa. Na mimi ni mtu mzima, mwalimu, lakini siku hiyo nililia kama mtoto. Sikutaka kuirudia na mdomo wangu."

Mfuko wa mifupa tuliuacha kwa mbwa wa sokoni. Tukaanza kurudi. Nyanda zilikuwa kavu, nyasi imekuwa rangi ya yule jike, na kila nilipotazama nje nilimwona.

Nilimwomba mzee anishushe Kisaju. Sister alikuwa peke yake, anaosha chupa za dawa kwenye beseni. Aliponiona nimekuja siku isiyokuwa yangu, alijua. Alikausha mikono kwenye leso taratibu.

"Mzee amekuambia."

"Ungeniambia wewe."

"Kaa kwanza."

"Sikai."

Akakaa yeye, juu ya debe. Aliniambia chifu alimpa mambo mawili achague moja, mbwa wakubwa waondoke au makao yafungwe na wote waondoke. Alisema alipiga simu mpaka sauti ikakauka. Alipigia makao mengine, wakasema wamejaa. Alipigia watu waliokuwa wanatusifu kwenye mtandao, wakasema watamwombea. Alipigia hata wanachama wetu.

"Mimi hukunipigia," nikasema.

"Wewe unapanga chumba kimoja ghorofa ya tatu. Ningekupigia nikuulize nini?"

"Ungeniambia ukweli tu. Nije nimuage."

"Ndiyo ulie, wengine walie, mpige picha, halafu msirudi. Mwalimu, nawajua. Mnakuja kwa sababu mnaondoka hapa mkijisikia vizuri. Nikiwanyima hiyo, Jumamosi nani atakoroga ugali? Kulikuwa na wengine wamebaki, na wanakula kila siku. Nilidanganya ili muendelee kuja."

Alisema bila kupandisha sauti, kama anavyomweleza mtu matokeo ya vipimo. Kisha akaongeza, "Niliwashika mwenyewe, mmoja mmoja. Yule wako aliniegemea mpaka akalala."

Nafikiri alidhani hilo litanifariji. Ndilo ambalo sikuweza kumsamehe. Mtu alikuwa na kwaheri yangu mikononi mwake, akaitumia yeye, akanipa mimi hadithi ya ng'ombe.

Niliitisha mkutano. Nilidhani watu watakasirika pamoja nami. Tulikaa kwenye kile kibanda cha unga, kila mtu juu ya gunia lake, na nikaeleza yote kama yalivyokuwa. Sister hakukana neno. Nilipomaliza, mama wa saluni aliniangalia kwa uso ambao sijausahau, uso wa mtu aliyeibiwa, na mwizi ni mimi.

"Mwalimu, kwa nini umetuambia?" alisema. "Mimi nilikuwa nalala nikijua wako shamba."

Kijana wa benki alijua tangu mwanzo. Aliweka zile picha akijua. Alisema kwa upole kwamba jambo kama hili likitoka nje, wanaotusaidia watakimbia, na watakaoumia ni mbwa waliobaki. Alisema anaelewa uchungu wangu, lakini lazima tufikirie makao. Wengine wakatikisa kichwa kukubali. Mmoja akaomba tufunge kwa maombi, na mtu akamshukuru Mungu kwa ajili ya sister na moyo wake wa huruma. Kisha ikaletwa chai.

Nilikunywa. Ningefanya nini, nikatae chai? Mzee wa pikapu alikuwa mlangoni, kofia mkononi, mkutano mzima. Tulipotoka aliniambia atanipeleka mpaka stendi, nikamwambia nitatembea.

Njiani nikakutana na jirani yetu akirudisha mifugo yake. Alisimama kunisalimia kwa heshima zote.

"Kondoo imeliwa tena," alisema. "Mbili. Lakini sasa nimeziona na macho yangu. Si zenu. Ni hizi za kutupwa, zinalala kwa ile nyumba ya ghorofa haijaisha. Nitamwambia mama yule wa hospitali pole. Nilikuwa na hasira."

"Utamwambia," nikasema.

"Lakini ni vizuri mlizipeleka shamba. Mbwa inataka nafasi."

Alisubiri nijibu. Nikamwambia jioni njema. Angefanya nini na ukweli, mtu ambaye alikuja kuomba msamaha? Nikajikuta nimemwachia shamba lile lile nililoachiwa mimi, na nikaendelea kutembea na vumbi la kondoo wake.

Sikurudi Jumamosi iliyofuata, wala nyingine. Hakuna aliyenitafuta isipokuwa sister, na yeye alitaka ufunguo wa stoo ambao nilikuwa nimebaki nao. Ningeweza kuutuma kwa mtu wa boda. Nikaenda mwenyewe.

Nilimkuta peke yake. Mama wa saluni alikuwa ameacha kuja, na kijana wa benki, nilisikia, alikuwa bado anaweka picha lakini bila kufika, anazichukua kwa simu za wengine. Alichosema sister kuhusu sisi kilikuwa kimetimia, na kwa sababu yangu, na hilo nalo lilinichoma kama moshi. Alikuwa anakoroga sufuria ile kubwa kwa mkono mmoja. Mwingine alikuwa ameufunga bandeji, bega lilimshinda. Nilimpa ufunguo, akautia mfukoni.

"Asante, mwalimu."

Ugali ulikuwa umeanza kushika na hakuna mtu mmoja anayeweza kuugeuza ukifika hapo. Sote tulilijua hilo. Nikaweka kikapu chini, nikashika mwiko juu ya mkono wake, tukageuza.  Niliona kwamba mablanketi sasa yanaanikwa upande mwingine, kwenye wavu wa mbele, na nyuma ya tangi amepanda mwarobaini mdogo na kuuzungushia mawe. Sikuuliza ni kwa ajili ya nini na yeye hakunionyesha.

Ulipoiva tulishika sufuria kila mtu upande wake, tukaiipua. Alisema atasubiri ipoe kabla ya kuwapa. Nikanawa mikono bombani. Nje ya lango kulikuwa na gari limesimama, injini inanguruma, na mwanamke aliyevaa vizuri alikuwa anatoa kwenye buti katoni yenye vilio vya watoto wa mbwa, anaishika mbali na nguo yake. Aliniuliza kama mimi ndiye wa hapa.

Nikamwambia hapana, mwenyewe yuko ndani.