Pini Chini ya Kibao

Fundi wa kinanda hajui kutulia. Akisubiri mlango wa kanisa ufunguliwe, hupangusa bisibisi ile ile kwenye suruali mpaka kitambaa cha pajani kimeanza kung'aa. Akiingia, haangalii kinanda kwanza. Macho hukimbilia benchi la mpigaji, ambaye ni mke wa mchungaji. Mwenyewe huwa ameshaondoka, ila mto wake wa kukalia bado una joto. Na kila Alhamisi kibao kilichokwama ni kile kile, cha tatu kutoka kushoto. Fundi hukinyanyua kwa ukucha, taratibu, kama anayemfunua mtoto aliyelala, na chini yake hukuta pini ya nywele. Huitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, kisha hugonga hapa na kupuliza pale, ilimradi kelele ifike nyumba ya pili, anakoishi mchungaji.

Leo mchungaji amesimama nyuma yake.

"Hivi kinanda hiki kina ugonjwa gani, fundi, usiopona?"

"Vumbi, baba mchungaji. Vumbi tu."

Bisibisi inamponyoka. Anainama kuiokota, na mfuko unamwaga pini zote sakafuni. Za mwizi huwa arobaini. Zake zimeishia saba. Mchungaji anachutama, anaokota pini moja na kuigeuza mwangani, nyeusi, yenye ua jeupe kichwani. Mikono ya fundi imetulia tuli.

"Vumbi hili," mchungaji anasema polepole, "nililinunua mimi mwenyewe."